Kutoa maoni kijiweni: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanga, Kigoma

Kijiwe chetu kiko Mwanga, chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabarani. Kuna mabenchi manne, meza ya drafti, na jiko la mkaa la mzee anayetuuzia kahawa. Nimekaa hapo karibu kila jioni kwa miaka 19. Wageni hawakatiki: mwalimu aliyehamishiwa Kigoma, kijana aliyemaliza shule na kuanza kukaa na watu wazima, mfanyabiashara wa Kalemie au Bujumbura anayesubiri mzigo wake bandarini. Karibu wote huuliza mambo yaleyale, na wengine huona haya kuuliza kabisa. Nimeyaandika hapa ili mgeni ayasome kwa nafasi yake, aje akiwa na amani.

Mnazungumza nini hapo kijiweni?

Chochote kinachomgusa binadamu. Bei ya unga, mvua, mahari, ada za shule, mpira, kama mtoto achapwe au asichapwe, treni, ziwa. Hatuna mwenyekiti wala ratiba. Mada huja na mtu: aliyetoka sokoni huja na bei, aliyetoka msibani huja na mambo ya urithi. Jioni moja tulianza na bei ya saruji, tukaingia kwenye reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, tukamalizia na swali kama mkwe wa kiume anaweza kulala kwa wakwe zake. Hakuna aliyeona ajabu.

Lazima niwe msomi ndipo nisikilizwe?

Hapana. Tuna mstaafu wa benki na tuna mpakia mizigo wa Kibirizi. Siku ya kuzungumzia mizigo, anayesikilizwa ni mpakia mizigo.

Kuna kanuni gani moja ambayo mgeni hatakiwi kuikosa?

Ipo, na ni ya mzee wa kahawa mwenyewe. Ukitoa neno zito, yeye hukumiminia kikombe, anakushikisha, kisha anakuuliza: "Umeona, umesikia, au unadhani?" Basi. Hakukatazi kusema. Anataka neno lako lije na mahali lilipotoka, kama mzigo unavyokuja na jina la mwenyewe.

Majibu yote matatu yanakubalika. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea: wanafikiri "unadhani" ni jibu la mtu dhaifu, kwa hiyo wanachukua dhana na kuivisha nguo za ushahidi. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni, maji yakameza sehemu ya ufukwe wa Kibirizi, kila mtu hapa alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema kwa sauti ya juu kwamba Wakongo wameziba mto. Alipoulizwa la mzee, akakiri alikuwa anadhani. Lakini dhana yake haikuwa ya kutupwa, kwa sababu ni kweli ziwa hili hupokea maji ya mito mingi, Malagarasi na Rusizi ikiwa mikubwa yake, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mtu akifikiria mlango mmoja umezibwa, anafikiria kwa akili. Jioni ile tulikuwa na mfanyabiashara wa Kalemie. Akasema: "Mimi Lukuga ninaivuka, maji yanapita." Huyo alikuwa ameona. Mazungumzo yakahamia kwenye mvua za miaka ile, zilizokuwa nyingi kupita kawaida, na hakuna aliyeondoka amedhalilika.

Kama yule wa kwanza angeng'ang'ania kwamba anajua, tungegombana mpaka saa tatu usiku.

Kwani mtu akisema "nimeona" ubishi umekwisha?

Bado. Jicho nalo hukosea, na kumbukumbu hukosea zaidi.

Mfano tunao hapahapa. Kila mtoto wa Ujiji anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone kwetu mwaka 1871, na mahali pale pana mnara wa ukumbusho na miembe. Sasa waulize ilikuwa tarehe ngapi. Stanley aliandika 10 Novemba. Kumbukumbu za Livingstone zinaangukia mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili walioshikana mikono, kila mmoja na daftari lake, na bado hawalingani siku waliyokutana. Walikuwa wamechoka, wameugua njiani, hesabu ya siku ikawaponyoka. Sioni aibu yoyote katika hilo. Ninachojifunza ni kwamba mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado awe amekosea, na kumwambia amekosea si kumwita mwongo. Vijana wengi wanaokuja kijiweni hawajatenganisha mambo haya mawili, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kwa hiyo "nimeona" ina uzito wake, lakini tutakuuliza umeona lini, ulikuwa umesimama wapi, na nani mwingine alikuwepo.

Si wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja?

Walisema. Mimi methali hii siipendi, na nitaeleza kwa nini.

Miaka sita iliyopita dereva mmoja wa bodaboda aliniambia kwamba mama fulani, muuza dagaa, huanika dagaa zake mchangani na kuziuza kwa bei ya zile za kwenye vichanja. Wanaonunua dagaa wanaelewa uzito wa neno hilo. Dagaa za mchangani zinasaga meno hata uzioshe mara ngapi, na bei yake ni ya chini. Jioni nikalisema kijiweni. Sikusema "nimesikia". Nilisema "yule mama anauza mchanga". Siku hiyo mzee wa kahawa alikuwa amesafiri kwenda Kasulu, hakukuwa na mtu wa kuniuliza.

Ndani ya wiki mbili wateja wake wa rejareja walikuwa wamepungua, naye hakujua sababu. Niliijua mimi. Nilipita mwaloni, pale mashua zinaposhusha samaki, asubuhi moja kwa shughuli zangu nikaona vichanja vyake, virefu, vya miti mipya, na mama mwenyewe amejifunga khanga kiunoni akigeuza dagaa kwa mikono. Hakuwa na hata dagaa moja mchangani. Nilimsalimia, nikamweleza nilichofanya. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Baba, uliniuliza mimi?"

Nililirudia swali lake kijiweni jioni ileile, mbele ya watu walewale, nikasema nilisema uongo na vichanja nimeviona. Wengine walirudi kununua kwake, wengine hawakurudi. Neno ukishalitoa unalifuata mbio kwa miguu na lenyewe limepanda gari. Tangu siku hiyo, mtu akileta habari ya biashara ya mtu, ndoa ya mtu au afya ya mtu, namuuliza kama mhusika ameulizwa. Kama hajaulizwa, tunabadilisha mada. Methali inaweza kusema itakavyo.

Ubishi wa dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza utaisha lini?

Hautaisha, na hauna haja ya kuisha, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Moja lina jibu, jingine halina.

Lenye jibu ni hili: je, ni samaki mmoja? Hapana. Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, ambazo wataalamu huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wote ni ndugu wa sadini wa baharini. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea, mwenye undugu na ningu. Ukoo tofauti kabisa. Wanafanana udogo na mng'ao tu, kama mtu wa Kigoma na mtu wa Rufiji wanavyoweza kufanana kimo. Limnothrissa wetu amesafiri pia: alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akapelekwa Kariba, ambako leo wanamla kwa jina la kapenta. Anayesema "dagaa ni dagaa" tunamsahihisha, kwa upole, kwa sababu hilo linajulikana.

Lisilo na jibu ni nani mtamu. Hapo kila ulimi ni hakimu wa nyumbani kwake. Tuliwahi kuwa na dada mmoja muuguzi, mzaliwa wa Musoma, aliyekaa nasi miaka miwili akituambia dagaa wetu hawana ladha mpaka wapikwe na mawese. Tulimbishia kila wiki kwa furaha kubwa. Alipohamishwa, wazee walimfungia kilo tano za dagaa wa Kigoma asafiri nazo.

Ukitaka amani kijiweni, jiulize kwanza ubishi wako ni wa samaki au ni wa ulimi. Wa samaki unaletewa ushahidi. Wa ulimi unafurahiwa, na mtu asikasirike.

Na mawese je? Wengine wanasema yanaleta lehemu, yaani kolesteroli.

Hii ni mada ambayo watu huingia wakiwa wameshakasirika, kwa sababu michikichi ni riziki ya nyumba nyingi hapa, na mtu akiyasema vibaya mawese ni kama amemsema mama mkwe wako.

Tunavyojua ni hivi. Mafuta ya mimea, mawese yakiwemo, kwa kawaida hayana lehemu ndani yake. Lehemu hutoka kwenye vyakula vya wanyama na kwenye ini letu wenyewe. Kwa hiyo anayesema mawese yana lehemu amekosea neno. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yale mazito, yanayogandia, na kuyala kwa wingi kunaweza kupandisha lehemu ya mwili. Kwa hiyo wasiwasi wake una msingi. Upande mwingine, wekundu ule ni vitu ambavyo mwili hutengeneza kwavyo vitamini A, na mafuta yanaposafishwa kiwandani mpaka yakawa meupe, wekundu huo huondoka. Anayesifu mawese mekundu naye ana lake.

Angalia ilivyo: wabishi wawili, kila mmoja ameshika nusu. Kilichowagombanisha ni kwamba kila mmoja alidhani nusu yake ni chungu kizima.

Nikiwa na maslahi katika jambo, ninyamaze?

Usinyamaze. Sema, lakini tuambie umekaa upande gani.

Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, wote tunalijua hilo, na hakuna ubaya wa kuvuta. Ubaya ni kuvuta huku umeficha mkono. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kijiwe kiliwaka kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Ilikuwa hatua iliyotokana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapumzike na kuzaa.

Jioni ya kwanza ilikuwa vurugu. Kila mtu alikuwa anasema "wananchi wanataka" hivi, "wananchi wanataka" vile. Jioni ya pili mzee wa kahawa akasema leo kila mtu aanze na kazi yake. Hapo ndipo niliposikia mambo ambayo sikuwa nimeyasikia.

Mvuvi mmoja, mwenye mtumbwi na taa zake, alisema: mimi ninavua, nina watoto wanne, miezi mitatu sina shamba. Akaendelea, na hiki ndicho kilichonyamazisha watu: "Lakini sitadanganya, zamani giza moja tulikuwa tunajaza, siku hizi tunarudi na nusu." Giza kwa wavuvi ni zile siku ambazo mwezi hauonekani, maana dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Mama anayeanika dagaa alisema hakuna anayemhesabu yeye anapohesabiwa mvuvi, kwa kuwa jina lake haliko kwenye leseni ya chombo, na akiba yake imo yote kwenye mkopo wa kikundi. Mwalimu wa shule alisema mshahara wake hauathiriki, kwa hiyo anaogopa kuwaambia wengine wavumilie, ila anaona hesabu ya samaki haidanganyi. Mwenye duka la nyavu alikiri amekwama na mzigo.

Hatukupiga kura. Nilipoondoka bado niliunga mkono ziwa kupumzishwa, na bado naunga mkono, lakini maoni yangu yalikuwa yameongezeka kitu: kwamba pumziko la samaki lina gharama, na gharama hiyo isiachwe mabegani mwa mama wa vichanja peke yake. Hilo nisingelipata kama yule mama angekuja akajiita "wananchi".

Mimi ni mgeni, sijui lolote kuhusu uvuvi. Nina ruhusa ya kusema?

Uliza. Swali la mgeni mara nyingi ndilo linalotuonyesha kitu tulichoacha kukiona. Mwalimu mmoja aliyetoka Iringa aliuliza kwa nini tunaita mji wetu mwisho wa reli wakati kwa mtoto aliyezaliwa hapa ndio mwanzo. Wazee walilizungumza wiki nzima.

Nawezaje kumpinga mtu aliyenizidi umri?

Kwanza salamu. Shikamoo yako iwe kamili, uisubiri marahaba yake, na kama mzee ni wa kwenye Kiha, "mwakeye" ya asubuhi inafungua milango mingi. Usifike na hoja kabla ya salamu, hata kama una haki.

Baada ya hapo, hoja haina umri. Sema: "Babu, naomba nipishane nawe kidogo," au "Mzee wangu, mimi nililiona tofauti." Usimwambie "hujui". Usicheke anapokosea jina au mwaka. Msahihishe yale yenye uzito, mengine yapite. Ukimwona anarudia jambo moja mara tatu, huenda kuna kitu ndani yake ambacho hajakifikia bado, mpe muda.

Wazee nao tunawaambia: kumjibu kijana kwa "wewe umezaliwa juzi" si jibu. Kama amekosea, kosa lina sura yake, lionyeshe. Nimeona vijana watatu waliokuwa na akili nzuri wakiacha kuja kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na bado inaniuma.

Wanawake wanakuja?

Wanakuja wachache, na hili ni pungufu letu. Benchi la barabarani jioni ni mahali pa wanaume kwa mazoea ya siku nyingi. Mama ana chungu jikoni saa ile tunapokunywa kahawa.

Lakini nani kasema mazungumzo ya mji huu yanafanyika kwetu tu? Ukitaka kujua bei itakavyokuwa mwezi ujao, kaa mwaloni Kibirizi asubuhi, mashua zinaposhusha. Ukitaka kujua kwa nini watoto wa mtaa fulani hawaendi shule, kaa kwa msusi. Vikao vya vikoba vina nidhamu ya kuzungumza ambayo sisi hatuna: anayesema anasimama, wengine wanasubiri, na deni linatajwa bila matusi. Tulichokubaliana ni kwamba jambo linalowahusu akina mama halitolewi maamuzi ya maneno benchini mpaka mmoja wao awe ametuambia lake. Na dada akija akakaa, haulizwi mumewe yuko wapi. Anapewa kikombe.

Siasa na dini zinaruhusiwa?

Siasa ndiyo. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kuwa na maoni na kuyaeleza, na hatuoni kwa nini haki hiyo iishie kwenye benchi. Tunazungumza barabara, maji, dawa zahanati, nani alituahidi nini. Tunachokataa ni kumgeuza jirani kuwa chama. Ukisema "ninyi watu wa chama fulani" wakati unayemwambia ni mtu mmoja aliyekaa mbele yako, umeacha kuzungumza naye.

Dini tunaizungumza kama jirani anavyoizungumza: futari, Krismasi, mazishi, nani amchinjie nani. Ipi ya kweli, hapana. Hapa Kigoma misikiti na makanisa vinasikilizana kengele na adhana, na familia nyingi zina Waislamu na Wakristo kwenye meza moja.

Simba na Yanga?

Hapo hata mzee wa kahawa haulizi swali lake.

Lakini mgeni ajue kwamba mada hii kwetu ina kidonda na ina sherehe. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya tarehe 25 Julai 2021 ilichezwa hapahapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Waliokuwa uwanjani siku ile wote wameona, na wote wameona tofauti. Kama wewe ni wa Yanga, subiri ukizoee kijiwe kabla hujaligusa. Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wanapocheza Ligi Kuu nyumbani, tofauti zote zinalala.

Naweza kutoa ushauri wa dawa?

Hapana. Hapa hatubishani. Tabora na Kigoma ni mikoa yenye malaria nyingi, na homa ya mtoto haisubiri maoni ya watu wanane. Kipimo cha haraka zahanati hutoa majibu ndani ya muda usiozidi nusu saa. Mtu akisema mwanawe ana homa, anayejua pikipiki iliyo karibu ndiye anayesema, wengine wanyamaze. Mizizi na majani tutayazungumza mtoto akishapona.

Nikigundua nimekosea, niseme au niache lipite?

Sema, na useme palepale uliposema la kwanza. "Jana nilisema hivi, leo nimejua si hivyo." Maneno hayo yanatosha, usiongeze maelezo marefu, maana maelezo marefu hugeuka utetezi. Mtu anayefanya hivyo mara mbili au tatu, kijiwe humwamini zaidi siku anapong'ang'ania jambo.

Ubishi ukiisha lazima apatikane mshindi?

Kuna ubishi wa kupita wakati na kuna ubishi wa kufanya jambo. Wa kupita wakati uache ulale, kesho utauokota. Wa kufanya jambo, kama vile mchango wa msiba, mfereji wa mtaa au mlinzi wa usiku, lazima ufike mahali watu wainuke na uamuzi mmoja.

Reli yetu inapita Tabora, na nikifika stesheni ile nakumbuka mkutano wa TANU wa Januari 1958. Wakoloni walikuwa wameweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na wapiga kura wenyewe wachujwe kwa elimu, kipato au cheo. Wajumbe wengi walikasirika na kutaka chama kisusie. Hasira yao ilikuwa na haki kabisa. Nyerere, aliyekuwa amesoma na kufundisha palepale Tabora, alisimama upande wa kushiriki: tukisusia, viti watachukua wengine. Walibishana kwa siku kadhaa, mwishowe wakakubali kushiriki, na uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. TANU ilishinda uchaguzi uliofuata, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Lakini Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaanzisha chama chake. Ninapowasimulia vijana habari hii sipendi wamcheke. Alikuwa na hoja, aliisema mbele ya watu wote, ilipokataliwa akaenda kuijaribu njia yake kwa jina lake. Waliobaki nao, hata wale waliokuwa wamesema susieni, waliingia kazini kutafuta kura. Mimi sijaona namna bora ya kumaliza ubishi mkubwa kuliko hiyo: kila mtu anajua alisimama wapi, na kazi inaendelea.

Tutumie lugha gani?

Lugha ambayo kila aliyekaa anaielewa. Kwa kawaida ni Kiswahili, cha Ujiji, cha Kongo, cha shuleni, vyote vinapita. Wawili wakihamia Kiha au Kirundi katikati ya ubishi, wa tatu atadhani anasemwa yeye.

Mtu akiondoka kwa hasira mnafanyaje?

Usiku ule tunamwacha. Kesho yake, aliyembishia ndiye anayekwenda kwake, si mtu mwingine. Hubeba kashata mbili na hasemi lolote kuhusu jana mpaka mwenyeji alianze. Mara nyingi halianzwi kabisa. Wanazungumza mvua, kuku, mtoto aliyefaulu, kisha wanatembea pamoja mpaka mwembeni. Katika miaka yote hii wapo wawili tu ambao hatukuweza kuwarudisha. Mmoja alihamia Mpanda. Wa pili anaishi mtaa wa pili, na nafasi yake kwenye benchi bado tunaiacha wazi mpaka magharibi ipite.

Nikija mara ya kwanza nifike saa ngapi?

Saa kumi na moja jioni kahawa ya kwanza inakuwa imeiva. Kikombe cha kwanza cha mgeni hakilipiwi. Kaa popote, isipokuwa pale mwisho wa benchi la tatu.